Seva moja ya Linux, ruta za Malindi hadi Shela: nianzie wapi?

Swali: Assalaam aleikum fundi. Nasambazia nyumba za wageni intaneti, na ruta zangu za MikroTik ziko Malindi, Watamu na Shela kule Lamu. Nikitaka kubadilisha kitu naingia moja moja kwa Winbox, programu ya MikroTik ya kuendeshea ruta, na ya Shela siifikii kabisa kwa kuwa inatumia laini ya simu. Nataka seva ya Linux ya kuziendesha zote. Nina kompyuta ya zamani nyumbani. Je, nianze na Ansible, ile programu ya kutuma amri kwa ruta nyingi kwa pamoja? Na intaneti ya wageni ipitie kwenye seva?

Jibu: Waalaikum salaam ndugu yangu. Nianze na la mwisho: hapana. Intaneti ya wageni ibaki kwenye ruta. Seva kazi yake ni kutoa amri, na ikizimika leo usiku mgeni wa Watamu asijue.

Ansible ni nzuri, lakini isiwe ya kwanza. Programu inayorekebisha ruta zote kwa amri moja ndiyo hiyo hiyo itakayozifunga zote kwa amri moja, na ya Shela ikijifunga, dawa yake ni safari ya Garsen, Mokowe, kisha boti. Jenga kwanza njia ya kuzifikia, halafu njia ya kurudi nyuma ukikosea.

Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP ya umma. Mnaitumia moja watu wengi, ndiyo maana hupati pa kuingilia. Basi ruta ndiyo iitafute seva. Tumia WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri kati ya ruta na seva: imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na MikroTik wanayo kuanzia RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta zao. Seva lazima iwe na anwani ya umma, kwa hivyo kodi mashine pepe ndogo (seva ya kukodi mtandaoni), weka Debian, aina ya Linux, fungua mlango wa UDP 51820 wa WireGuard na SSH ya ufunguo ya kuingilia seva kwa mbali, basi. Kompyuta yako ya zamani itafaa kuhifadhia nakala. Ndani ya VPN seva iite 10.77.0.1, Shela 10.77.0.11, na upande wa ruta weka persistent-keepalive, ishara ya kuweka muunganisho hai, ya kila sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu utausahau muunganisho ukikaa kimya.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni mpaka stima ikatike. Ruta nyingi za MikroTik hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, saa inaweza kuwa imerudi nyuma, na WireGuard hukataa salamu ya ruta (ombi la kuunganishwa) yenye muda wa nyuma kuliko ile ya mwisho iliyopokea. Ruta iko hewani, wageni wanatumia, wewe huioni. Iwekee NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, na NTP hiyo ipite intaneti ya kawaida, si ndani ya VPN. Ukiipitisha ndani, saa itasubiri VPN na VPN itasubiri saa.

Njia ya kurudi nyuma: ukiwa kwenye terminali ya ruta bonyeza Ctrl+X kabla ya kugusa kitu. Muunganisho ukikatika katikati, ruta hufuta yenyewe uliyoyabadilisha, ingawa yaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hivyo usikimbilie kukata tamaa. Ukimaliza salama, bonyeza tena. Kwa kazi za Ansible, hifadhi nakala ndani ya ruta na upange skejula ya kuipakia baada ya dakika 10. Seva ikiifikia ruta baada ya mabadiliko, iifute skejula hiyo.

Sasa ndipo Ansible, na mkusanyiko wa community.routeros unaoiwezesha kuzungumza na MikroTik. Andika `serial: 1` ili ziguswe moja moja, ya kwanza ikigoma, kazi nzima husimama. Iliyo karibu nawe Malindi itangulie, Shela iwe ya mwisho. Oxidized, programu ya kuhifadhi mipangilio, nayo ivute mipangilio ya kila ruta na kuitunza kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, uone kilichobadilika. Kumbuka tu kwamba faili ya export, ile nakala ya mipangilio kwa maandishi, haibebi paswadi za watumiaji wala vyeti.

VPN ikishakaa sawa, funga mlango wa Winbox, 8291, kwa watu wa nje. Kasoro yake iliyojulikana 2018 ilitumiwa kuvamia ruta chungu nzima duniani. Ila kabla ya kuufunga ule wa Shela, mwombe mtu wa pale achomoe waya wa umeme, auchomeke tena, na wewe uhakikishe ruta imerudi kwenye seva bila kuguswa.