Ukuta Mweusi Nyuma ya Kabati

SWALI: Nyumba yetu ya tofali za kuchoma iko Tukuyu. Ukuta wa chumba cha watoto, nyuma ya kabati, huota weusi kila msimu wa mvua. Tumepaka rangi mara tatu, unarudi. Sasa fundi anataka kupaka rangi ya mafuta ili kuziba unyevu. Mdogo anakohoa. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Tukuyu

JIBU: Mama, msimamishe fundi kwanza. Weusi huo ni kuvu, na kuvu haioti pasipo maji. Rangi ya mafuta itayafungia maji ukutani, halafu itavimba na kubanduka pamoja na plasta. Tafuta maji yanatoka wapi.

Futa ukuta ukauke juu, kisha bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, selotepu pande zote nne. Kiache siku nzima. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa humo ndani.

Kama ni ukuta, tazama doa. Likianzia juu na kushuka, panda ukague bati na misumari iliyolegea. Likianzia sakafuni na kuishia kama mita moja hivi, likiacha chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Kwa mvua za wilaya yenu ya Rungwe, hili hutokea sana pale udongo wa nje, hasa wa bustani, unapopanda kuliko sakafu. Chimba udongo huo ushuke sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, weka mfereji wenye mteremko, bandua plasta yenye chumvi, na uache tofali zikauke kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hukosa subira.

Kama ni mvuke, nguo mbichi zisianikwe chumbani, fungua madirisha mchana hata kukiwa na baridi, na kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani. Jiko la mkaa lisiletwe ndani kukausha chumba: hewa yake inaua.

Eneo lisilozidi mita moja ya mraba mnaweza kulisafisha wenyewe. Watoto walale kwingine, vaa glavu na barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini. Lowesha kabla ya kusugua kwa sabuni, maana kuvu kavu ikikwanguliwa hupeperuka na kuingia kifuani. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu haisafishiki. Ikatwe na kutupwa.

Fundi mbakizie sehemu ya malipo. Rudia kipimo cha nailoni. Kikitoka kikavu, apake rangi ya maji, amalize kazi, ndipo alipwe iliyobaki. Mtoto mpelekeni hospitali sasa, msingoje ukuta.

SWALI: Mbao za paini nilizonunua Mafinga zimeota weusi kabla sijapiga dari. Nizitupe?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana. Zilipangwa zikiwa mbichi, zimeshikana. Zisugue, zipange kivulini penye upepo, kila safu ikitenganishwa na vipande vya sentimita 2 hadi 3. Zipige darini unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 20. Iliyo laini ukiichoma kwa bisibisi imeoza. Hiyo iwe kuni.