Anayeachia Jimbo Apewe Nini? Ushauri kwa Vyama Vinavyotaka Kuungana

Nimekuwa katibu wa kata wa chama kimoja cha upinzani hapa Mwanza kwa miaka mingi, katika kata inayogusa ziwa, na nimeshuhudia vyama vikitangaza kuungana zaidi ya mara moja. Kila mara wananchi huuliza swali lile lile: nani atasimamishwa kugombea urais? Ni swali zito, na silipuuzi. Hata hivyo, niliyoyaona yamenionyesha kwamba muungano mara nyingi huvunjikia kwenye jimbo na kwenye kata, mbele ya mtu aliyetakiwa aachie nafasi yake bila kuambiwa yeye na wenzake watapata nini.

Katika uchaguzi mmoja, viongozi wa juu walikubaliana kwamba kata yetu iachiwe chama tulichoungana nacho. Sisi tulikuwa na mgombea wetu wa udiwani, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amehudhuria kila msiba na kila kikao cha vikoba katika mitaa yetu. Siku ya uteuzi, mwisho wa kupokea fomu ni saa 10 jioni. Mimi nilipigiwa simu saa 8 mchana na kiongozi wa wilaya, ambaye naye alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile. Nilimkuta mama huyo akishona midomo ya magunia yaliyokuwa yakisubiri lori. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa mkononi, kisha akaniuliza: “Mwanangu, hawa wanawake walionichangia hela ya mabango nikawaambie nini?” Sikuwa na la kumjibu. Hakwenda kujitoa, jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura pamoja na la mgombea wa wenzetu, na kura za wawili hao zilipojumlishwa zilimzidi aliyeshinda.

Wengi walimlaumu yeye kwa ubinafsi. Mimi nasema lawama ilikuwa yetu, kwa sababu tulimtaka abebe hasara ambayo sisi viongozi hatukuwa tayari kuitaja kwa jina.

Hasara hiyo ipo, na chanzo chake kimo katika sheria zetu. Katiba inataka mgombea urais na mgombea mwenza watoke chama kimoja, ndiyo maana mwaka 2015 Juma Duni Haji alilazimika kutoka chama cha CUF na kujiunga na CHADEMA ili awe mgombea mwenza wa Edward Lowassa. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge, kila kimoja kwa uwiano wa kura zake. Ruzuku ya serikali kwa vyama nayo hutegemea wabunge na kura ambazo chama kimepata. Kwa hiyo chama kinachoachia majimbo 20 kinapoteza wagombea 20, na pamoja nao kinapoteza kura za kudai viti maalum na fedha za kuendeshea ofisi kwa miaka mitano. Ukimwambia katibu wa chama hicho awe mzalendo, naye anajua kwamba pango la ofisi yake ya wilaya litadaiwa mwezi ujao, usishangae akikuitikia kwa mdomo na kuchukua fomu kimya kimya.

Pia, tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, rais wa Tanzania hupatikana kwa kupata kura nyingi kuliko wengine, bila sharti la kuvuka nusu. Hakuna duru ya pili ambayo ingewapa walioshindwa nafasi ya kukaa na kusikilizana. Wanaotaka kuungana ni lazima wawe wameungana kabla ya siku ya kura, la sivyo watafanana na wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1992, ambako chama cha upinzani cha FORD kiligawanyika na Daniel arap Moi akabaki madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Hapa kwetu UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, ilianza mwaka 2014 katika Bunge Maalum la Katiba, na Oktoba mwaka huo CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD zikakubaliana kusimamisha mgombea mmoja kila mahali. Ilikuwa hatua kubwa, na mwaka 2015 Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais, ambazo hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kuzifikia tangu vyama vingi virejee. Lakini kuna majimbo ambayo mgawanyo wake haukumalizika. Segerea, Dar es Salaam, CUF na CHADEMA zote zilikuwa na mgombea, na CCM ikachukua kiti. Naamini kabisa kwamba kama nguvu iliyotumika kumtafuta mgombea urais ingetumika mapema kugawa majimbo, mambo kama hayo yangepungua sana.

Kushinda nako hakufuti deni. Kenya, mwaka 2002, muungano wa NARC ulimwingiza Mwai Kibaki Ikulu kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, nyuma yake kukiwa na hati ya makubaliano kati ya pande zake mbili, NAK ya Kibaki na LDP ya Raila Odinga, kuhusu kugawana madaraka. LDP ikalalamika kwamba hati hiyo haikuheshimiwa. Kufikia kura ya maoni ya Katiba ya mwaka 2005, washirika wale walikuwa wamesimama pande mbili zinazopingana, na baada ya upande wa serikali kushindwa, Kibaki alivunja baraza la mawaziri na kuliunda upya bila Raila Odinga na wenzake.

Wavuvi wetu wananisaidia kulifikiria jambo hili. Mwenye mtumbwi, mwenye injini na mwenye nyavu wanaposhirikiana, mgao huzungumzwa wakiwa bado nchi kavu: mafuta yanatolewa kwanza, kisha kila mmoja anajua fungu lake, hata usiku ambao dagaa ni wachache. Nawashauri viongozi wa vyama wafanye vivyo hivyo. Mazungumzo yaanze walau mwaka mmoja kabla, wakati watia nia hawajachangiwa wala kubandika picha zao, kwa sababu mtu ambaye picha yake imeshakaa ukutani ni vigumu mno kumrudisha nyuma. Kipimo cha nani aachiwe kiwe kura za ubunge na udiwani za uchaguzi uliopita katika eneo husika, wala si ukubwa wa mkutano wa hadhara. Waandike pia, jimbo kwa jimbo, chama kinachoachia kinafidiwa nini: labda kiachiwe jimbo la jirani lenye nafasi nzuri ya kushinda, au umeya na uenyekiti wa kamati za halmashauri iwapo madiwani watatosha, au wagombea wake wa viti maalum wakubali mapema kuingia katika orodha ya chama mshirika. Hili la mwisho lina uchungu wake, maana mbunge anayetoka kwenye chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti, kwa hiyo anayeingia kwa kadi ya wenzake aelezwe mapema kwamba ataishi nayo muhula mzima.

Nakala ya makubaliano hayo imfikie katibu wa kata. Mimi nilitakiwa kuutetea uamuzi ambao sikuwahi kuona hata ukurasa wake mmoja.

Msiwasahau mawakala. Chama kilichoachia hakina mgombea, kwa hiyo vijana wake hulazimika kuapishwa kwa jina la chama kingine ili waingie kituoni, na wengi hukubali kwa moyo safi. Basi wahudumiwe kama wa nyumbani. Katika uchaguzi mwingine tulimweka kijana wa namna hiyo kwenye kituo kilicho jirani na mwalo. Alikaa tangu kufunguliwa asubuhi, mawakala wengine wakaletewa chakula cha mchana na cha usiku na watu wa vyama vyao, yeye kila upande ukadhani mwenzake amempelekea. Saa 3 usiku, kura za urais zikiwa zimekwisha kuhesabiwa na za udiwani bado, alitoka kutafuta chochote cha kula. Aliporudi fomu ya matokeo ya udiwani ilikuwa imeshabandikwa ukutani, bila sahihi yake.