Walimcheka, kisha wakamchagua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: ikiwa watu wa Athens, mji wa Ugiriki ya kale, walimcheka Cleon, mwanasiasa wao mkuu, hata wakampa Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, tuzo ya kwanza, mbona majuma machache baadaye walimchagua Cleon huyohuyo kuwa jemadari? Dhihaka ile ilisaidia nini?

Rudi kwanza pale uwanjani. Ni mwaka 424 KK, majira ya baridi, sikukuu ya Lenaia ya mungu Dionysus. Vita na Sparta viko mwaka wa saba. Kiangazi kilichopita Cleon alirudi kutoka vitani Pylos na mateka wa Kisparta, mji ukamtunuku haki ya kukaa viti vya mbele kwenye maonyesho. Na Aristophanes, kijana wa miaka ishirini na kitu, katika mchezo wake *Wapanda Farasi* anamweka jukwaani kama mtumwa mwizi anayefanya kazi za ngozi, kwa kuwa utajiri wa Cleon ulitokana na ngozi.

Wengi huishia hapo kwa huyo mtumwa. Mimi naona anayechekwa hasa ni bwana wake, mzee Demos. Jina hilo maana yake ni umma. Ni mzee mwenye hasira za karibu, masikio mazito, anayependa kubembelezwa kama mtoto. Mtumwa anamlisha na kumsifu huku akimwibia. Anayekuja kumshinda ni muuza soseji wa sokoni, tena kwa kupayuka zaidi na kubembeleza zaidi. Hata mto anamletea mzee, asikalie mwamba mtupu. Watazamaji waliuelewa mto ule mara moja, maana wao wenyewe walikalia mwamba kwenye mikutano yao ya kilima cha Pnyx.

Kisha korasi, lile kundi la waimbaji wa mchezo, inamwambia Demos kwamba kila msemaji anamzubaisha. Anajibu kuwa ujinga ule ni wa makusudi: anamnenepesha mwizi mmoja, akishashiba anamwangusha.

Jibu la swali lako naliona hapo, mwanangu. Walitoka uwanjani na udhuru wa Demos midomoni: tunajua tunachofanya. Cleon alikuwa amepandisha posho ya kuketi mahakamani kutoka oboli mbili (sarafu ndogo za fedha) hadi tatu, na alikuwa ameleta ushindi. Tabia yake waliijua hata kabla ya mchezo kuanza. Aristophanes aliwaonyesha sura yao, wakaicheka kana kwamba ni ya jirani. Hata hivyo naiheshimu sana kazi ile. Miaka miwili nyuma, baada ya mchezo wake mwingine, Cleon alikuwa amemshtaki mbele ya Baraza la mji, naye hakunyamaza.

Lakini usidhani dhihaka haina nguvu. Mwaka uliofuata, 423, Aristophanes alileta *Mawingu*, na safari hii aliyelengwa ni mwanafalsafa Socrates: ananing'inia kwenye kapu, anadai anatembea hewani, na katika shule yake vijana wanafunzwa kuigeuza hoja mbovu ionekane njema. Mchezo ulishika nafasi ya tatu tu. Cleon alikuwa na fedha, nguvu za kisiasa na Baraza la kukimbilia. Socrates hakuwa na lolote kati ya hayo. Mwaka 399, akiwa mzee wa miaka 70, aliposimama kujitetea katika kesi iliyoishia kwa hukumu ya kifo, kama mwanafunzi wake Plato alivyoandika katika *Utetezi*, alisema washtaki anaowaogopa zaidi ni wale wa zamani, waliowajaza watu maneno juu yake tangu wangali watoto, akautaja mchezo ule wa Aristophanes na yule Socrates wa kwenye kapu.

Nilipokuwa nikifundisha fasihi, hesabu moja ilininyima raha kila nilipofika hapo. Mtoto wa miaka 10 mwaka 423 alikuwa na miaka 34 mwaka 399, na umri wa kuketi kuhukumu ulianzia 30. Sidai kuwa mchezo ndio uliomuua. Ila Cleon alikuwepo kujibu, na Socrates alimkuta mwenzake wa kwenye kapu ameshatangulia mahakamani.

Kwa hiyo soma *Mawingu*, na siku hiyohiyo usome *Utetezi* wa Plato, usiviachanishe. Halafu uniandikie ulicheka wapi, na kama bado unacheka hapo.

Mama yako