Jike amezaa na nyumbani kuna mbwa wengine: usitegemee kwamba wamezoeana

Mkuu uliyeuliza toka Mingoyo, umesema jike wako yuko karibu kuzaa, na hapo nyumbani una dume na jike mwingine mkubwa. Wamekua pamoja, wanakula sinia moja, huoni sababu ya kuwatenganisha. Mimi nilifikiri hivyohivyo, nikapoteza kitoto.

Niko Mikindani, nina mbwa watatu wa kulinda, maana msimu wa korosho wezi hawalali. Aliyezaa alikuwa mdogo wao, uzazi wa kwanza, vitoto sita. Hofu yangu yote ilikuwa kwa dume. Kumbe dume alinusa mlangoni, akangurumiwa mara moja, akaenda zake kulala chini ya mwembe. Aliyenitia hasara ni jike mkubwa. Siku ya tatu mama alitoka kujisaidia, mwenzake akaingia bandani akabeba kimoja. Nilikikuta nyuma ya pipa la maji, kimelowa mate, kimepoa mpaka tumboni, mdomo unafunguka bila sauti. Nilikizungushia kanga na chupa ya maji ya uvuguvugu. Hakikufika jioni.

Hakikuwa na jeraha hata moja. Wiki mbili za mwanzo kitoto cha mbwa hakiwezi kujitunzia joto la mwili, kinategemea mama na wenzake. Hata kwa joto hili la kwetu, kikilowa kikalala kwenye saruji, kinakwisha.

Bwana mifugo aliniuliza kama jike mkubwa alikuwa amepita kwenye joto, yaani zile siku za kutaka dume. Alipita, miezi miwili nyuma, na hakupandwa. Akaniambia jike wa namna hiyo anaweza kupata mimba ya uongo: anavimba chuchu, anatoa maziwa, anatafuta wa kumlea. Nilikuwa nimeziona zile chuchu nikadhani ni unene. Hakuwa na ubaya wowote, maskini, alikuwa anatafuta mtoto.

Kwa hiyo mtenge mama mapema. Mimba ni kama siku 63, basi wiki mbili kabla aanze kulala chumba chake. Kiwe na mlango wa kufungwa. Mimi niliweka jamvi, na jamvi mbwa analisukuma kwa pua tu. Chakula na maji apewe humohumo, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye sinia. Akitoka kujisaidia, wengine wafungwe kwanza. Ukiona anahamahamisha watoto kwa mdomo, jua hapo hajisikii salama, punguza watu na kelele.

Macho yanafunguka siku ya 10 hadi 14, lakini usikimbilie kuwakutanisha. Mimi nilingoja wiki ya nne, nikaweka wavu wa kuku mlangoni wanusane. Wiki ya sita dume akaingia na kamba shingoni, nami namwangalia mama. Mama akikaza mwili na kukodoa macho, mtoe dume, jaribuni siku nyingine. Jike mkubwa nilimngojesha mpaka wiki ya nane.

Na hao wawili usiwatupe. Wakifukuzwa kila wakisogea mlangoni, chuki inaingia. Mimi niliwapeleka ufukweni kila alfajiri, nikirudi nawapa dagaa kwa mkono wangu.

Kama banda lako halina komeo, mwite fundi leo, usingoje uchungu uanze.