Wasomaji Wauliza: Mbona Haachi Detekta Yake Kuukuu?

Swali: Mume wangu hutafuta sarafu za kale na dhahabu siku za mapumziko. Mwaka jana tulimnunulia detekta mpya ya kutambua metali ardhini, tena ya bei kali. Bado kila Jumamosi anatoka na ile kuukuu yenye mpini uliofungwa utepe mweusi. Mpya imelala chini ya kitanda. Ni ukaidi, au kuna jambo nisilolijua? Niiuze?
*Mama wa watatu, Kondele, Kisumu*

Jibu: Mama, usiuze hata moja kwanza. Anachokishikilia mzee si mpini wala utepe. Ni lugha aliyojifunza kwa masikio yake, na lugha hiyo haihami kutoka mashine moja hadi nyingine.

Koili, lile duara la mbele linalopitishwa juu ya ardhi, hutuma uga wa sumaku ardhini. Kitu cha metali hujibu kwa kuchelewa kidogo, na mashine hugeuza uchelewaji huo kuwa mlio au namba. Hapo ndipo kila kiwanda kinakwenda njia yake. Garrett AT Pro huonyesha namba kuanzia 0 hadi 99, ilhali Minelab Equinox 800 huanzia -9 hadi 40. Mtu aliyekwisha kujua namba na sauti ya senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati, akishika mashine nyingine inambidi arudi darasa la kwanza kwa sarafu hiyohiyo.

Namba nayo ni sehemu ndogo tu ya somo. Chukua kifuniko cha soda, adui mkubwa wa kila anayetafuta kando ya njia na viwanja vya soko. Kwenye mashine nyingi kinaweza kutoa namba nzuri kama ya sarafu. Sikio lililozoea halidanganyiki kirahisi. Mlio wa sarafu ni mfupi, wa mviringo, unaanza na kuisha safi, na ukizunguka robo duara na kupitisha koili upya unabaki vilevile. Wa kifuniko huwa na kingo zilizochanika, na ukivuta koili nyuma polepole mpaka ncha yake ya mbele ibaki juu ya kitu, mara nyingi utasikia mkoromo wa chuma ukijitokeza. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna kitabu cha maelekezo kinachoweza kukufundisha kuisikia. Inakuja baada ya kufukua vifuniko mia kadhaa kwa mashine ileile.

Mkono nao umejifunza. Mashine za zamani nyingi huhitaji muda kidogo kabla ya kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu, kwa hiyo mwenyewe hupunguza mwendo bila kufikiri. Akishika mpya yenye kasi, mwendo wake haufai tena, na anaona kana kwamba mashine inapiga kelele tu. Uzito pia una neno: Equinox 800 ina kilo 1.3 hivi, Minelab GPZ 7000 ina zaidi ya kilo 3. Baada ya saa tatu shambani bega linajua tofauti hiyo vizuri sana.

Hata hivyo, mazoea yanaweza kumficha mtu ukweli, hasa anapobadilisha udongo. Mashine inayopendeza kwenye udongo mweusi wa Kano inaweza kupofuka kwenye udongo mwekundu wa Kakamega au kwenye mawe yenye chuma ya Migori. Kwa punje ndogo za dhahabu, mawimbi ya masafa ya juu, yanayopimwa kwa kilohezi, husikia vizuri zaidi: AT Pro hutumia kilohezi 15, Minelab Gold Monster 1000 hutumia 45, na Fisher Gold Bug 2 hufika 71. Kama mzee anatafuta sarafu kwa mashine ya kilohezi chache, yuko sawa kabisa. Kama anaifuata dhahabu ya ukubwa wa punje ya mchele kwa mashine hiyohiyo, anaacha mali chini.

Mwombe afanye jaribio hili, na wewe uwe mficha vitu. Kata kipande kidogo cha chubwi ya wavuvi, kama robo ya gramu, ukigundishe kwenye kifuniko cha plastiki. Risasi, metali ya chubwi hiyo, hujibu karibu kama dhahabu ndogo. Usichimbe shimo kutoka juu na kulifukia, kwa sababu udongo uliovurugwa hutoa majibu tofauti na udongo uliotulia, na jaribio litakuwa batili. Chimba kando, kisha sukuma kitu kwa mlalo chini ya udongo usioguswa: kimoja sentimita 3 chini, kingine 6, cha tatu 9. Ongeza mahali pawili pasipo na kitu. Yeye asijue pako wapi. Apitishe mashine zote mbili siku ileile, kila moja akiisawazisha upya na udongo wa hapo, na ahesabu tu milio inayorudia kutoka pande zote mbili. Ile kuukuu ikishinda, iache ifanye kazi yake. Ikishindwa, aitumie mpya peke yake kwa saa 30 hivi kabla ya kutoa hukumu. Kosa la wengi ni kubeba zote mbili: mpya ikimkanganya dakika kumi, anarudi kwa ile anayoielewa, na mpya haipati nafasi kamwe.

Swali: Detekta yangu nimeizoea miaka mingi, sasa imeanza kulia ovyo. Sitaki kuitupa. Nianzie wapi?
*Msomaji, karibu na Rosterman, Kakamega*

Jibu: Ndugu, usiitupe. Mara nyingi ugonjwa uko nje ya sanduku la umeme. Zima simu kabisa, sogea mbali na nyaya za stima, kisha inua koili hadi kiunoni na usiitikise. Ikinyamaza hapo, shida ni udongo au usawazishaji. Ikiendelea kulia, shida ni betri, kebo au mwingiliano wa umeme.

Tuseme inalia. Weka betri zenye chaji kamili. Laza koili juu ya kiti cha mbao kisicho na misumari, halafu tikisa kebo kidogo kidogo ukianzia kwenye plagi ya sanduku hadi inapoingia kwenye koili. Pale mlio unaporuka ndipo waya umechoka, na kwa kawaida ni sentimita chache juu ya koili, panapokunjwa kila siku. Kebo iliyozungushwa kwa ulegevu pia hulia yenyewe kila ukipiga hatua, kwa hiyo ikaze kwa mikanda ya kubana, mizunguko ikiwa imeshikana na mkono wa mashine.

Ikinyamaza hewani na kulia chini, ng'oa kinga ya plastiki iliyo chini ya koili. Kwa udongo wenu mwekundu, hapa ndipo mwizi hujificha. Vumbi lenye chuma huingia kwenye upenyo, likilowa hugeuka tope na kutembea kila koili inaposogea. Osha vyote kwa maji, kausha, rudisha. Fanya hivyo kila mwezi, na kila baada ya kufanya kazi mtoni. Kisha sawazisha upya: tafuta mahali pasipo na metali, pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 3 na 30, na urekebishe mpaka mlio usipande wala kushuka. Rudia kila rangi ya udongo inapobadilika na kila baada ya mvua. Bado inalia? Punguza usikivu hatua moja moja. Mashine tulivu yenye usikivu wa wastani husikia chini zaidi kuliko yenye usikivu wa mwisho inayopiga mayowe.

Angalia na viatu pia. Buti lenye chuma kidoleni hulia kwenye kila mpito unaokuja karibu na mguu. Vaa gumbuti.

Swali: Mjomba ananiachia detekta yake ya zamani. Niko Nakuru na ndio naanza. Niikubali?
*Kijana wa Lanet*

Jibu: Ikubali, mradi koili ya akiba na kebo zake bado zinapatikana madukani, usipozipata, itakufia siku kebo itakapokatika. Fungua kwanza chumba cha betri. Ukiona unga mweupe au wa buluu kwenye shaba, betri za alkalini zimevuja. Sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kisha maji safi kidogo, uache ikauke siku nzima. Tangu hapo usiiweke kabatini ikiwa na betri.

Cha thamani zaidi mwombe mjomba mwenyewe: atembee nawe siku mbili, akuambie kila mlio ni wa nini kabla hujafukua. Kwenye mawe ya volkeno ya kwenu utasikia majibu mengi ya uongo, na yeye keshayajua kwa mashine hiyo. Usiipitishe Hyrax Hill, hilo ni eneo la Makumbusho ya Taifa. Na ukija magharibi kufuata dhahabu, ruhusa ya mwenye shamba haitoshi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016 madini ni mali ya Jamhuri, kwa hiyo ulizia kibali kwenye ofisi ya madini kabla ya kuchomeka koleo.