Kurasa 14 na ombi liko ukurasa wa mwisho? Mkuu, ishia hapo hapo

Umeandika kwamba una hotuba ya kurasa 14, umepewa dakika 20, na ombi lako la kutaka mkutano mkuu wa chama upitishe bajeti ya mafunzo ya vijana umelificha ukurasa wa mwisho "ili wawe wameshaiva". Mkuu, hawataiva. Watachacha.

Chukua ukurasa mmoja uliojaa, usome kwa sauti, kwa mwendo ambao hata aliyekaa nyuma kabisa anakuelewa, huku saa ya simu inahesabu. Hauishi chini ya dakika 3. Zidisha mara 14 uone. Dakika zako zitakatikia kwenye historia ya chama, na hapo ni endapo utapewa zote 20, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mkutano wowote wenye mzungumzaji zaidi ya mmoja.

Nina uchungu na hili, ndiyo maana sijakusalimia. Mimi nilisimama mbele ya bodi ya kazini kwetu kuomba idara yetu iongezewe watu wawili. Ratiba ilinipa nusu saa. Nikapanga hotuba hivyo hivyo unavyoipanga wewe: tulikotoka, tulipo, changamoto, mafanikio licha ya changamoto, takwimu, halafu mwishoni ndipo nifyatue ombi. Aliyenitangulia akala muda wake, akala na wangu. Nikiwa bado niko "tulikotoka", katibu akanisogezea kikaratasi kilichokunjwa, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "dk 3".

Mtu mwenye akili zake angefunga makabrasha akasema, "Waheshimiwa, naomba watu wawili." Mimi nikaongeza spidi. Nikawa nasoma kama mtangazaji wa mpira wakati mshambuliaji amebaki na kipa, naruka kurasa, na kwa kuwa sikuziwekea namba nikajikuta nasoma mafanikio kabla ya changamoto. Mjumbe mmoja wa mbele alivua miwani akaanza kuifuta. Aliifuta vizuri sana ile miwani. Mwenyekiti akagonga meza: "Tumshukuru ndugu yetu kwa historia nzuri ya idara." Makofi. Nikarudi kukaa, ombi liko mkononi, halijatamkwa hata mara moja.

Ajenda iliyofuata ikawa kugawa nafasi za ajira. Aliyeondoka nazo ni mkuu wa idara nyingine aliyesimama, akasema anataka nini, kwa nini na itagharimu kiasi gani, akakaa kabla kiti hakijapoa. Sisi tulibeba kazi ya watu wawili ambao hawakuwepo mpaka bajeti iliyofuata, na kila tulipochelewa kutoka jioni hakukosekana wa kuniuliza, "Hivi kaka, tulikotoka ni wapi vile?" Nimeshazoea. Na wewe cheka tu, ila ukimaliza kucheka kaipange upya hiyo hotuba.

Aliyeniponza ni mkufunzi wa semina ya siku moja, zile za kugawa vyeti na kupiga picha ya pamoja. Alituambia bila kupepesa macho kwamba ukitoa hoja mapema umeua hamu, hadhira lazima ingojeshwe. Ndiye huyo huyo aliyetuambia maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, uso na mwili 55. Kama maneno ni asilimia 7, mbona alitushikilia kutwa nzima akiyatumia? Baadaye nikaja kusoma kwamba namba hizo zilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji pale maneno, sauti na sura vinapopingana. Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hazihusu kila mazungumzo. Hakuna bodi itakayokupitishia bajeti kwa sababu mikono yako inapepea vizuri. Na hiyo hamu ya kungoja ni ya hadithi, maana mwenye kusikiliza hadithi amekuja kungoja. Mjumbe wa mkutano amekuja kuamua, ana ajenda nyingine mbele yake, na ana njaa.

Kanuni yangu ni moja tu, nayo nimeilipia: hotuba ikikatwa popote baada ya dakika ya kwanza, ombi liwe limeshasikika. Waandishi wa habari wanalijua hili siku nyingi. Habari ya gazeti inaanza na kizito, vya ziada vinashuka chini, kwa sababu mhariri akikosa nafasi anakata mkia. Siku hiyo mwenyekiti wako ndiye mhariri, na mkasi anao. Kwa hiyo salamu fupi, kisha moja kwa moja: "Naomba mkutano huu upitishe bajeti ya mafunzo ya vijana." Sababu kubwa kuliko zote ifuate hapo hapo, kisha ya pili yake. Historia ya chama isukume chini kabisa, mahali ambapo inaweza kufa bila kuliliwa. Na ukibakiwa na nusu dakika, usiongeze kitu. Rudia ombi kwa maneno yale yale, maana wapo walioingia wamechelewa.

Kuna watakaokuja hapa kusema hotuba fupi haina heshima. Gettysburg, Marekani, 19 Novemba 1863, kwenye uzinduzi wa makaburi ya askari, mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, akazungumza saa mbili. Rais Abraham Lincoln akafuata na dakika kama 2 hivi. Kesho yake Everett akamwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama yeye kwa saa mbili angekaribia kiini cha shughuli ile kwa kadiri mwenzake alivyokikaribia kwa dakika mbili. Halafu yupo William Henry Harrison, aliyeapishwa kuwa rais wa Marekani 4 Machi 1841, akahutubia karibu saa mbili kwenye baridi, na mwezi mmoja baadaye akafariki. Madaktari wana maelezo yao, mimi nina yangu.

Uliuliza na mengine, naona: woga, slaidi, kichekesho cha kufungulia, sijui na nguo. Slaidi weka moja, yenye ombi na kiasi cha fedha, basi. Woga sina dawa yake, ila unapungua sana ukishajua la muhimu limeshatoka mdomoni. Kichekesho achana nacho. Nguo wadau watakusaidia.

Wewe leta hapa sentensi moja tu ya hilo ombi kabla hujalala, tuikague. Na hizo kurasa zitakazobaki, ziwekee namba.