Umefunga kamba wapi?

Kijana aliyeanguka mbele ya macho yangu alikuwa amevaa mkanda wa usalama, ule unaofungwa kamba ili usianguke kutoka juu. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tukishanunua mikanda na helmeti tunajiona tumemaliza.

Tulikuwa tunaezua nyumba ya zamani Majengo, Moshi, mimi nikiwa msimamizi wa vibarua sita. Kijana alifunga kamba kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kama nilivyomwelekeza mwenyewe. Upande wa pili mwenzake akawa anang'oa misumari ya kenchi hiyohiyo. Ilipoachia, ilishuka naye. Alivunjika kisigino na mkono. Fundo la kamba tulilikuta limekaza vilevile.

Anayejenga, kila siku anaongeza kitu cha kujishikiza. Sisi wabomoaji kila siku tunakipunguza, kwa hiyo mpango wa jana asubuhi leo ni karatasi tu. Sasa kabla mtu hajapanda namuuliza: umefunga wapi, na hapo patavunjwa saa ngapi? Akijikuna kichwa, hapandi. Panapofungwa kamba panatakiwa kuhimili zaidi ya tani 2 kwa mtu mmoja. Papi, vile vibao vyembamba vinavyopigiliwa bati, haimo, bomba la maji halimo, na ukuta wa tofali uliokwisha kuondolewa lenta, ile boriti ya zege inayoushika kwa juu, ndiyo usiuguse kabisa. Mimi hutafuta nguzo ya zege upande utakaovunjwa mwisho, naipiga alama ya rangi nyekundu, na hakuna wa kuigusa mpaka niseme.

Halafu kuna hesabu ambayo wauza mikanda hawakwambii. Kamba ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko, kile kipande kinachofumuka ili kupunguza nguvu ya mshtuko, inaweza kurefuka kwa mita 1.75 zaidi unapoanguka. Ongeza mita 1.5 za mwili wako kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo, na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6 na kidogo chini ya ulipofunga. Nyumba zetu nyingi ukuta ni mita 3! Utafika sakafuni kamba ikiwa bado inajinyoosha. Kwenye nyumba ya chini, weka kamba fupi isiyokufikisha ukingoni kabisa, au simamisha jukwaa ndani, ubomoe ukiwa umekanyaga mbao.

Nyumba za zamani za Moshi na Arusha utakuta zingine zimeezekwa kwa saruji yenye asbestosi. Hizo hazikanyagwi hata na mtu mwembamba. Zikizeeka hukatika kama biskuti, na vumbi lake ni la kuua mapafu. Kwanza tafuta wenye kibali cha kuziondoa. Bati la kawaida nalo, asubuhi za Julai lina umande, kwa hiyo tunaanza saa tatu. Mwenye nyumba hunung'unika kwamba nalipa watu wanywe chai. Ndiyo, nawalipa.

Sakafu ya ghorofa ikitobolewa tundu la kushushia kifusi, zungushia uzio. Ukilifunika, funika kwa mbao nene zilizopigiliwa. Kipande cha plaiwudi kilicholazwa tu ni mtego, maana kuna atakayekiokota akidhani ni taka.

Na mtu akining'inia kwenye mkanda? Damu hutuama miguuni, na dakika chache zinaweza kumzimisha. Zimamoto ni 114, lakini hadi wafike, wa kumshusha ni sisi. Ndiyo maana ngazi moja ndefu nailaza ukutani tangu asubuhi, haifanyi kazi yoyote. Majirani huja kuiazima wapake rangi. Siitoi.